Kisu Nilichokizika

Kwa miezi mitano nilimwambia shemeji yangu kwamba bado nakitafuta kisu cha baba yao. Nilijua kilipo. Kilikuwa kaburini na mume wangu, hapa Birmingham, na mimi ndiye niliyekiweka.

Nieleze kwanza kisu chenyewe, kwa sababu mtu akisikia habari hii anaweza kudhani kilikuwa kitu cha thamani. Hakikuwa. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, umeingia weusi wa mikono ya watu, na bapa lilikuwa limenolewa miaka mingi mpaka likabaki jembamba kama jani la muhindi. Kingeangushwa sokoni hakuna ambaye angeinama kukiokota. Lakini kwetu, upande wa Mlima Kenya, ndoa haijatimia mpaka bwana harusi amkatie mkewe bega la mbuzi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Hiyo ni desturi ya wengi. Kulikata kwa kisu kilekile, kutoka babu hadi baba hadi mwana, ilikuwa desturi ya nyumba yao peke yao. Mume wangu alikuwa kifungua mimba, kwa hiyo kisu kilikuja kwake, na alipohamia Uingereza alikileta ndani ya sanduku, amekizungushia sweta.

Nakumbuka siku aliponikatia mimi. Alikuwa akitokwa na jasho, anapapasa kutafuta mahali pa kuachanisha mfupa na mfupa, na bega halikubali. Shangazi yake mmoja aliyekuwa amekaa mbele kabisa akamwambia, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kiungo cha mbuzi aliyekufa kinakushinda, na huyu aliye hai je?" Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi niliinamisha uso, lakini nilikuwa nacheka pia. Halafu bapa likaingia, bega likaachia, na akanipa kipande cha kwanza kwa mkono uliojaa mafuta.

Sisi hatukujaliwa mtoto. Nalisema mapema kwa sababu ndilo linalofanya mambo mengine yaeleweke.

Hapa Birmingham kisu kile kilipata kazi ambazo hakikuzaliwa nazo. Jumamosi tulikuwa tukipanda basi kutoka mtaani kwetu Nechells kwenda Small Heath, kununua nyama ya mbuzi kwa Msomali mmoja wa Coventry Road. Muuzaji alikuwa na msumeno wa umeme unaopasua mifupa kama mkate, na kila mara alinyoosha mkono kuuwasha, na kila mara mume wangu alimwambia, "Acha hivyo hivyo, ndugu." Alitaka bega zima. Alilibeba kwenye mfuko wa plastiki mpaka nyumbani akalikata mwenyewe jikoni, taratibu, anapiga mluzi. Jioni alikitumia kisu hichohicho kumenyea machungwa mbele ya televisheni. Nilimwambia kwamba anakidharau kisu cha baba yake. Akasema kinafanya mazoezi.

Alifanya kazi kwenye ghala moja si mbali na nyumbani, kazi ya kuinua na kupanga. Moyo ulimsumbua wiki chache tu, akalazwa siku nne, akafariki asubuhi nilipokuwa nimeshuka chini kutafuta chai. Zamani, tulipokuwa tukizungumza juu ya kifo kama watu wenye afya wanavyokizungumzia, alikuwa amesema azikwe hapa. Nikamuuliza kwa nini, wakati kila mtu kanisani alikuwa akitaka mwili wake urudishwe nyumbani. Alisema, "Nani atanipalilia huko? Wewe uko hapa." Nilimweleza shemeji yangu, mdogo wake wa pekee. Mwishowe akasema kwamba neno la marehemu haliwezi kupingwa, na tumzike.

Siku moja kabla ya mazishi nilikwenda kumvisha. Nilikuwa nimekitia kisu ndani ya mkoba wangu, nimekifunga kwa taulo ya jikoni. Ndani ya basi niliuweka mkoba magotini na kuushika kwa mikono miwili. Katika mji huu mtu akikutwa na kisu njiani anaulizwa na polisi, na ni haki aulizwe, kwa sababu vijana wengi wameuana kwa visu. Nilijaribu kutunga jibu langu. Jibu la kweli lilikuwa, "Nampelekea mume wangu," na nilijua lingesikika vibaya kuliko uongo wowote.

Wanawake wawili wa kanisani walinisaidia. Tulimvisha suti ya kijivu. Halafu niliwaomba waniache naye kidogo, nao wakatoka wakidhani nataka kuomba. Sikuomba. Nilikitia kisu ndani ya koti, nikafunga vifungo, nikawaita warudi. Mchungaji wetu alikuwa amefundisha zaidi ya mara moja kwamba kumzika mtu na vitu ni mambo ya gizani, ya watu wasiomjua Kristo. Nilikuwa nimeitikia amina kama wengine.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza sana, na kwa muda nilijipa jibu zuri, kwamba nilimpa kitu alichokipenda. Haikuwa hivyo hasa. Nilijua kisu kitadaiwa, kwa kuwa hatukuwa na mtoto. Nilijua kitaondoka nyumbani kwangu na kwenda kukata mabega ya mbuzi kwenye arusi za watu wengine, na watu watacheka, na mimi nitabaki na taulo. Ilikuwa choyo. Choyo cha mtu mwenye huzuni, lakini choyo.

Baada ya mazishi watu walikuja wiki mbili, wakaleta chakula, halafu wakarudi kwenye maisha yao. Siwalaumu. Watu hapa wana zamu za kazi, mmoja anatoka mwingine anaingia, hata mume na mke wanaonana mlangoni. Mtu pekee aliyeendelea kunipigia simu alikuwa shemeji. Kila Jumapili, baada ya ibada ya kwao, simu ililia. Alinieleza habari za kahawa na ng'ombe, nani amegombana na nani, barabara imefika wapi. Wakati mwingine nilikuwa sijazungumza lugha yangu wala Kiswahili tangu Jumapili iliyopita, na sauti yangu ilitoka na mikwaruzo. Aliniuliza kama nina mafua. Nilisema ndiyo.

Jumapili moja akaniambia kwamba mwanawe mkubwa anaoa mwezi wa kumi na mbili. Nilimpongeza kwa moyo wote. Akasema kuna mtu wa kijijini kwao anayesoma Uingereza, atasafiri mapema, na ningeweza kumpa kisu akilete kwenye mzigo wake.

"Kipo, shemeji?"

"Kipo," nikasema. "Sijui nilikiweka wapi. Nitakitafuta."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa neno ambalo nusu yake ni kweli. Kila Jumapili aliniuliza kwa upole, na kila Jumapili nilisema bado. Ubaya ni kwamba alianza kunisaidia kutafuta. Aliniambia niangalie kwenye lile sanduku la kijivu ambalo kaka yake aliondoka nalo. Aliniambia niangalie nyuma ya droo za jikoni, kwa sababu visu huanguka huko. Mimi nikaangalia kweli, Mungu ananijua. Nililifungua sanduku la kijivu nikaingiza mkono kwenye kila mfuko, ili nikimwambia nimeangalia isiwe uongo. Mtu akifikia hapo ameshapotea.

Nilichoogopa ni kimoja. Akijua, simu itanyamaza. Na baada ya simu hiyo hakukuwa na nyingine.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Wakati huo nilikuwa nikimtunza mzee mmoja wa Ladywood, Mwingereza mweupe, mjane kama mimi, aliyekaa ghorofa ya tisa na kutazama mji kutoka dirishani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa sonara, katika mtaa wa masonara wa mji huu. Mikono yake sasa ilitetemeka hata kikombe kilimshinda, lakini alikuwa bado na macho ya kazi. Siku ya kwanza aliitazama pete yangu kabla ya kunitazama usoni, akaniambia imetengenezwa kwa haraka.

Jumanne moja aliniomba nimpeleke kwenye jumba la makumbusho, katikati ya mji. Alitaka kuiona tena dhahabu ya Waanglo-Saksoni kabla hajafa, alisema, kana kwamba anaomba kwenda kununua maziwa. Sikuwajua Waanglo-Saksoni. Nilisoma mpaka darasa la nane, na historia tuliyofundishwa ilikuwa ya walowezi na vita vya msituni. Nilimvisha koti, tukashuka kwa lifti, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu.

Njiani alinieleza kwamba hao ndio mababu wa Waingereza. Hazina hiyo ilipatikana shambani, kaskazini mwa hapa, na mtu aliyekuwa akitembea na ile mashine inayolia ikipita juu ya madini. Haikuwa imezikwa chini sana. Jembe lilikuwa limepita juu yake sijui mara ngapi, na watu wamepanda na kuvuna juu yake, kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu.

Nilitarajia mataji. Chumba kilikuwa na mwanga hafifu, na ndani ya kabati za vioo nikaona vipande. Vingi vilikuwa vidogo kama ukucha. Vimepinda, vimechanika, kama vitu vilivyofagiwa chini ya meza. Nilidhani vimeharibiwa na ardhi. Mzee akasema hapana, dhahabu haishiki kutu, vimeharibiwa na watu. Alininyooshea kidole chake kinachotetemeka. Hivi ni vichwa vya mipini ya panga. Hizi ni pete za kushikilia mpini. Mtu alizing'oa kwa nguvu, na ukitazama vizuri utaona alama ya chombo alichong'olea.

"Na panga zenyewe?" nikauliza.

Alifurahi kwamba nimeuliza. Hazimo, alisema. Chuma kizuri hakitupwi. Labda kila bapa lilitiwa mpini mpya, likapewa mtu mwingine, na huyo wa kwanza hakuna tena aliyemkumbuka. Alisema pia nitafute kitu cha mwanamke. Nilizunguka kabati zote. Hakuna bangili, hakuna mkufu, hakuna hata kishikizo cha nguo. Vitu vya vita tu, na vichache vya kanisa. Wanawake wa watu hao walivaa dhahabu, alisema, inajulikana kutoka makaburini mwao, kwa hiyo aliyekusanya hivi alichagua.

Halafu alinifundisha kutazama mawe. Yalikuwa mekundu, ya rangi ya mbegu za komamanga, yamekatwa membamba na kupangwa ndani ya vijumba vya dhahabu visivyozidi punje ya mchele. Chini ya kila jiwe kuna karatasi ya dhahabu iliyogongwa mistari midogo, ili mwanga ukiingia urudi. Ndiyo maana yanawaka. "Mimi nilikuwa na taa ya umeme na kioo cha kukuzia," alisema, "na nisingethubutu." Alisema kwamba mengine ya mawe hayo yalitoka mbali sana, mpaka Asia, yakipita mkono hadi mkono. Nikamwambia basi yamesafiri mbali kuliko mimi.

"Na hakuna aliyeyauliza karatasi za kuingilia nchini, bab," akasema. Bab ndilo neno ambalo watu wa mji huu humwitia yeyote wanayemwonea huruma au wanayemdai kitu.

Alicheka alipoona nashangaa kwamba watu hao nao walitoka ng'ambo. Mimi nilidhani Waingereza waliota hapa kama majani. Kumbe walivuka bahari, wakazaa, wakasahau. Walikuja na miungu yao, wakaikuta imani ya Kristo au ikawakuta, na kwa muda mrefu waliishi na mguu mmoja huku na mwingine kule. Alinionyesha msalaba wa dhahabu, mkubwa kuliko kiganja, ambao mikono yake imekunjwa. Nilidhani adui wa Kristo ndiye aliyeukunja. Mzee akasema huenda, au huenda ni Mkristo mwenzao aliyetaka uingie ndani ya mfuko. Palikuwa pia na ukanda wa dhahabu ulioandikwa maombi ya kumsihi Mungu awatawanye maadui, nao umekunjwa. Nikafikiri kina mama wa maombi wa kanisani kwetu wangeyatambua maombi hayo mara moja.

Nilisoma kadi zote za maelezo kwenye kabati, polepole, kwa Kiingereza changu. Kilichonigusa ni jinsi zilivyokuwa zikikiri. Haijulikani nani alizika. Haijulikani kwa nini. Haijulikani kwa nini hakurudi kuchukua. Watu waliosoma miaka mingi, wenye mashine za kupima hata vumbi, wameandika mbele ya kila mtu kwamba hawajui. Mimi nilijua, na sikuwa nimemwambia hata mtu mmoja.

Tulikuwa tumeanza kutoka nilipoona kabati ndogo pembeni, ambayo hakuna aliyesimama mbele yake. Ndani yake mlikuwa na kisu. Cha chuma, kimeliwa na kutu mpaka kimevimba, mpini umeoza na kwisha. Kilikuwa na urefu wa kiganja changu. Kadi ilisema kwamba hicho ndicho kitu kinachopatikana zaidi katika makaburi ya zamani ya watu hao. Kwa wanaume, kwa wanawake, hata kwa watoto. Kisu cha kila siku, cha kulia chakula na kufanyia kazi, kiliwekwa kiunoni, mahali pale mtu alipokivaa alipokuwa hai. Ukristo ulipoingia sana, taratibu waliacha.

Sijui nilisimama hapo muda gani. Dhahabu yote ile haikunitikisa. Nilitazama kile kisu kibaya nikaona mkono ukikiweka. Si mkono wa mfalme. Mkono wa mtu aliyebaki, aliyemwomba mwenziwe atoke nje kidogo.

Mzee aliniita mara mbili. Nilipogeuka aliona uso wangu, akaniuliza kuna nini, na mimi nikamweleza. Nilikuwa sijamweleza mtu yeyote, nikamweleza Mwingereza kwenye kiti cha magurudumu, katikati ya njia, watoto wa shule wakitupita pande zote mbili. Nilimweleza kisu, arusi, simu za Jumapili, sanduku la kijivu. Nilidhani atanifariji. Nilidhani atasema kwamba watu wamefanya hivyo tangu zamani, tazama, ushahidi uko mbele yetu kwenye kioo.

Aliniuliza, "Kilikuwa chako?"

Nikasema hapana.

"Basi mwambie mwenyewe," akasema. Halafu akaniomba nimpeleke chooni.

Jumapili hiyo simu ililia saa ile ile. Nilikuwa nimekaa jikoni nikiingoja. Sikumwacha amalize salamu. Nilimwambia, "Shemeji, kisu sikukipoteza. Nilikizika naye. Nilijua tangu mwanzo, na nimekudanganya miezi mitano."

Nilisikia kuku wa kwao. Nilisikia mtu akiuliza jambo na yeye akimwambia angoje.

"Ulikizika," akasema.

"Ndiyo."

"Ndani ya jeneza."

"Ndani ya koti lake."

Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha. Alisema, "Mwili tulikuachia. Na kisu pia?"

Nilimwomba msamaha, nikamwambia kwamba haikuwa imani, haikuwa desturi yoyote, ilikuwa choyo. Aliuliza kama kinaweza kuchimbuliwa. Nilimweleza kwamba hapa kaburi halifunguliwi bila ruhusa kutoka juu, na ruhusa hiyo ni ngumu kupatikana. Akasema, "Si hao wazungu wako huchimba makaburi kila siku na kuweka vitu vya watu kwenye vioo?"

Nikamwambia, "Huchimba wakati hakuna tena aliyebaki wa kulia."

Halafu akasema neno ambalo ndilo ninaloamka nalo mpaka leo. Alisema, "Ungeuliza tu, shemeji. Ungeuliza, labda ningekubali." Akakata simu.

Jumapili iliyofuata haikulia. Nilikaa karibu nayo mpaka jioni, kwanza jikoni, halafu kwenye kiti cha mume wangu. Iliyofuata pia haikulia. Mwezi wa kumi na mbili ukafika, na najua arusi ilifanyika kwa sababu mmoja wa mabinti zake alinitumia picha bila maneno: umati, mahema, bwana harusi ameinama juu ya meza. Niliikuza picha kwa vidole nikajaribu kuona anakatia nini. Mkono wake ulikuwa umekificha.

Sikuthubutu kupiga mimi. Hilo nalo ni la kukiri. Nilijiambia kwamba ni heshima, kwamba aliyekosewa ndiye anayechagua siku. Kwa kweli niliogopa kusikia ikilia kule na isichukuliwe.

Niliendelea na kazi. Yule mzee wa Ladywood hakuniuliza ilikuwaje, na mimi sikumweleza. Jumanne nilimnyoa ndevu, nikamlisha, nikasikiliza habari za mabosi wake waliokwisha kufa. Jumamosi nilikwenda kaburini. Udongo ulikuwa umeanza kushuka, na niling'oa magugu machache ingawa majira hayo hayaoti sana. Zamani nilikuwa nikizungumza naye nikiwa pale. Sasa sikuzungumza. Nilihisi kama nimemtia yeye katika ugomvi na mdogo wake bila kumwuliza naye vilevile, kwa sababu kusema kweli sikujua kama angekubali. Yeye alikitumia kumenyea machungwa, lakini kilikuwa cha baba yake, na huenda angetaka mwana wa mdogo wake atokwe na jasho juu ya bega la mbuzi kama yeye alivyotokwa. Huenda. Kwake yeye nami nimebaki na neno lile la kwenye kadi: haijulikani.

Simu ililia Jumapili moja katikati ya mwezi wa pili. Niliitazama kwanza, nikidhani nimekosea jina. Alinisalimu kwa kirefu, kama mtu anayesoma barua. Nikauliza ng'ombe, nikauliza kahawa, nikauliza maharusi. Alisema wamekaa vizuri. Alisema walinunua kisu kipya sokoni, na kilikuwa butu kiasi kwamba kijana alihangaika nacho mpaka wanawake wakamwambia ampe mkewe akate mwenyewe, na mkewe akakichukua kweli, akakata. Watu walicheka sana. Nilisikia kwamba alipokuwa akieleza hilo alikuwa karibu kucheka naye, halafu akajizuia.

Nilimwambia kwa mara ya pili kwamba naomba msamaha.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Watoto wameniuliza kisu cha babu kiko wapi."

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia kiko kwa baba mkubwa."

Nilifunika simu kwa kiganja ili asinisikie. Nilipoweza kuzungumza tena nilimshukuru. Aliniuliza kama huko kuna baridi. Nikasema ipo. Akasema nivae vizuri, na tukaagana. Yote hayo yalichukua kama dakika nne.

Tangu wakati huo hupiga mara moja kwa mwezi, wakati mwingine hata chini ya hapo, na hajawahi tena kuniuliza kama nina mafua. Sijui atapiga Jumapili ipi. Kwa hiyo Jumapili zote nikitoka kanisani siendi kwa mtu. Narudi moja kwa moja nyumbani, nazima redio, na kukaa.